Maji ya Sufyan

Siku hiyo mjinga alikuwa Wafula, na heri tuseme mapema kabla watu wa Chaani hawajatusemea.

Alitoka zamu ya usiku bandarini, kupakua saruji, vumbi limemganda mpaka kwenye kope. Shingo yawasha, mgongo wawasha, na mifereji ya mtaa mzima ilikuwa imekauka tangu juma lililopita. Saa nne alitakiwa kanisani amsimamie mdogo wake Brian, anayeoa. Msimamizi wa bwana harusi, naye kafanana na tofali.

Alipouona mkokoteni wa Randu, muuza maji, umesimama langoni na safu moja ya mitungi, nusura apige magoti.

"Randu, kaka, leo wewe ni malaika! Nishushie miwili tu."

"Haya yana mwenyewe," Randu akasema. Kofia kaivua, kaishika mkononi, na hakumtazama.

Mwenyewe ni Nassor, jirani wa mlango wa pili, aliyekuwa akitoka na kikoi kiunoni, macho mekundu, mkononi tawi la mkunazi. Randu akaanza kumshushia mitungi, bei hata haikutajwa.

Wafula akaona anachezewa.

"Nassor! Maji yote haya ya nini? Na hilo tawi la miiba, siku hizi wafuga mbuzi?"

"Ya kumwosha Sufyan."

Wafula akacheka, akacheka hasa. Sufyan, mwana wa Nassor, miaka minne, hakuwa na adui kama maji. Kila magharibi mamake, Kulthum, humkimbiza uani na sabuni mkononi, mtoto akipiga mayowe mpaka ajibanze nyuma ya miguu ya Wafula. "Ami, nifiche!" Wafula humficha, kisha humsaliti. Hata jana, pamoja na homa yake, alikimbia.

"Leo mmemkamata vipi yule paka?"

"Leo ametulia."

Wanawake wawili wakapita wamejitanda leso, mikeka kwapani, wasiamkue mtu. Nyuma yao mzee mmoja akaingiza viti. Wafula akaelewa: kuna shughuli. Ikamwuma zaidi. Mtu ana shughuli kwake, jirani hakuambiwa, na maji pia anyimwe!

"Sikiza, bwana. Hata mimi nina harusi leo. Nikienda hivi, bibi harusi atadhani kaletewa mzigo wa melini. Nipe mtungi mmoja."

"Nisamehe, Wafula. Nachelea yasitoshe."

"Yasitoshe! Mtoto hajanifika kiunoni, waosha mtoto ama waosha lori?"

Nassor aliinama kunyanyua mtungi, ukamlalia upande, maji yakamwagikia miguuni. Wafula akayatazama yakizama mchangani na hasira ikampanda. Akaudaka mtungi kwa upande wa pili. Wakavutana, baba wazima wawili, kama watoto wa chekechea.

"Kwani kuna ubaya gani?" Wafula akasema, kicheko bado kiko mdomoni. "Leo mpanguse na kitambaa tu. Kesho mifereji ikirudi utamwosha utakavyo."

Nassor akauachilia mtungi.

"Wafula, ndugu yangu," akasema, "ningekuwa na kesho ya kumwosha, wallahi ningekupa yote."