Gunia la Vitofali

Jumanne, tarehe kumi na mbili Machi, saa tano na robo asubuhi, jua likiwaka bila wingu, msimamizi wa ujenzi aliyekuwa ameitwa ofisini tangu alfajiri alirudi kwenye ghala linalojengwa, akaliona gunia limeegemea ukutani. Uzi wake haukuwa umekatwa. Ndani vilikuwamo vitofali vyote vya kuinulia wavu wa nondo kabla zege halijamwagwa.

Sakafu ilikwisha kusawazishwa, inang'aa. Basi wavu ulikuwa umelala chini kabisa ya zege, juu ya nailoni iliyotandikwa ardhini, ambako hauzuii ufa wowote.

Alipiga goti, akabonyeza kidole. Zege lilimkatalia; lilikwisha kukaza.

"Shemeji, zege halilali," alisema mkandarasi, mume wa dada yake, akimpa kalamu na karatasi ya kupokelea kazi. "Weka sahihi tukanywe chai."

"Malori yatapita hapa. Watu watapanga mizigo hadi darini."

"Siku mtaro ulipokufukia, nilikufukua kwa kucha zangu. Nilikuuliza swali?"

Msimamizi alizitazama zile kucha. Mbili hazikuota tena.

Hakuwa na la kulifanya zege lile, wala kucha zile. Akamrudishia kalamu.

"Deni lako silikani, shemeji. Ila kwa sakafu hii, sililipi."