Bolti ya Fundi Ng'oa

"Ng'oa!" alisema fundi kabla boneti haijasimama sawasawa. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Fundi Ng'oa. "Dada, gari la kabureta na mipira ya kusafisha moshi wapi na wapi? Yanalinyima nguvu tu, mapambo haya."

"Hata marehemu baba alisema hivyo. Tangu afie humo hatujaliwasha."

"Pole sana. Ajali?"

"Wala. Mvua ilimkuta njiani, akaegesha, akafunga vioo, injini akaiacha inanguruma apate joto. Tulimkuta kama amelala. Wakasema ni moyo."

Fundi akainama na tochi. Kwenye bomba la ekzosi, pale palipopaswa kuwa na mpira mmoja, palikuwa na tundu la kuingia kidole gumba. Masizi yalipanda kutoka tunduni hadi kwenye matundu yanayoingiza hewa ndani ya gari.

Kumbe kuna aliyekwisha kung'oa.

Kizibo cha tundu hilo kilikuwa kimedondokea chini ya injini: bolti iliyozungushiwa waya wa shaba mara tatu kuelekea kushoto, kama afungavyo mtu wa mashoto.

Fundi aliitazama bolti, kisha mkono wake wa kushoto ulioishika.

"Vipi, fundi?" dada aliuliza. "Si ung'oe?"