Karatasi Isiyo na Hesabu

Miaka thelathini Dokta Saumu alipiga hesabu za moto mkali kuliko jua, wa kuning'inia hewani bila kugusa chombo. Mafundi walipojaribu, moto ukagusa chombo, ukazimika. Basi akaandika barua ya kuacha kazi, akaipitisha kwanza kwa mama yake.

Bi Mashavu hakujua kusoma, ila hesabu alizitambua kwa macho. Jiko aliliwasha kwa karatasi yoyote, lakini zile zenye hesabu za mwanawe alizitunza kikapuni.

“Nimechoka, mama. Kesho naipeleka.”

Bi Mashavu akaigeuza barua mbele na nyuma. “Mbona haina hesabu?”

“Haina, mama.”

Akaikunja, akaisokomeza chini ya makaa. “Haya mwanangu, lete kiberiti.”

Saumu akacheka huku machozi yakimlenga. Akakitikisa kiberiti. Zilibaki njiti mbili: moja akaiwashia barua, nyingine akaiweka ya kesho.