Kadi za Bi Tuckwell

Clement Hartnoll aliisukuma sahani ya mayai, akasonya. Mayai hayakuwa na kosa. Kilichomtia kinyaa ni kadi aliyoishika, na mwanamume aliyesemwa humo.

"Angeweza, japo siku ya Krismasi, kuniita kwa jina langu," aliisoma kwa sauti. "Umeona? Hayawani gani huyu?"

"Nimeiona," alisema mkewe, akimmiminia chai. "Si mimi niliyeiandika?"

Clement alikuwa mhadhiri wa sarufi hapo Leeds. Kiingereza kina vitenzi vidogo vya kuweza, kupaswa na kunuia, ambavyo haviendi popote bila kitenzi kikubwa nyuma yao. Kwa miaka kumi na tisa yeye alichunguza jambo moja tu: watu huchomeka maneno gani katikati ya viwili hivyo. Hakutaka mifano ya kutungwa mezani. Kila kadi ilibeba sentensi iliyotoka kinywani mwa mtu hai, na chini yake msemaji, siku na mahali. *Yanaweza, kwa baridi hii, kuchelewa. Muuza maziwa, tarehe 4 Machi 1974, mlangoni kwangu, Barabara ya Alma, namba kumi na saba.* Alikuwa na kadi elfu sita za namna hiyo.

Lakini hakuna aliyechomeka maneno kama Bi Tuckwell. Clement hakuwahi kumtia machoni. Mashine ya kufulia ya nyumbani ilikufa Pasaka ya mwaka juzi na fundi alikuwa bado hajaitwa, kwa hiyo kila Alhamisi mkewe alibeba nguo hadi duka la kufulia lililo karibu na kanisa. Huko, mashine zikizunguka, mama huyo alikuwa akimwaga ya moyoni, na kadi zikaletwa nyumbani pamoja na mashati. Zilikuwa sentensi tamu ajabu. Zilikuwa pia za kuchefua, maana zote zilimhusu mume.

Clement alichukua nyingine. "Ningeweza, kama angeinua kichwa, kumwambia alichosema daktari." Akakunja uso. "Kwa hiyo hakumwambia?"

"Hakuinua kichwa."

"Maneno matatu katikati," alisema Clement, akaandika tatu pembeni mwa kadi. "Lo, mtu mchafu huyo!"

Alikuwa akimwona wazi kabisa. Mtu wa machinjioni, shingo nene, fulana imelowa jasho, anapiga mbweu mezani na kujikuna kwa uma. Anatema mate kwenye sinki la vyombo na mke anasugua.

"Kuna hii ya jana," mkewe alisema, akaiweka mbele yake.

*Nitakuwa, Alhamisi ijayo, yeye akiwa kazini, nimeshaondoka.*

Clement nusura amwage chai. Vipande viwili vimechomekwa kwa mpigo, kimoja juu ya mgongo wa kingine! Sura ya mwisho ya kitabu chake ilikuwa imekwama miezi minane kwa kukosa mfano kama huo.

"Aende!" alisema, akipiga meza. "Mwambie mimi nimesema. Asimwachie hata barua."

"Una hakika? Miaka ishirini na miwili si mchezo."

"Hata mbwa hakai na mtu kama yule."

Mkewe alimtazama. Clement alikuwa anahesabu maneno.

"Haya," alisema mkewe. "Nitamwambia."

Shida ilikuja Jumatano, kwa barua ya mhariri. Mfano wa sura ya mwisho, aliandika mhariri, lazima mwandishi awe amemsikia msemaji kwa masikio yake mwenyewe. La sivyo utaondolewa, na sura nzima pamoja nao. Alhamisi Clement alifundisha nusu saa, akawaacha wanafunzi midomo wazi, akatoka mbio akiwa na kadi tupu mfukoni. Angemsikia Bi Tuckwell kabla hajaondoka. Hata mzigo angembebea.

Dukani palinuka sabuni na soksi mbichi. Bi Rowbotham, mwenye duka, alikuwa akikunja mashuka.

"Bi Tuckwell? Umechelewa, bwana. Kashapanda treni ya saa saba. Mkoba mmoja tu, na uso umemchangamka kama msichana."

Clement alikaa kwenye benchi. Sura yake ya mwisho ilikuwa imekwenda na treni, na hilo lilimuuma. Hata hivyo yule mama alikuwa ameokoka, na aliyemsukuma ni yeye Clement. Kilichobaki ni hasira, na hasira ile ilikuwa na mwenyewe.

"Na yule nguruwe wake?"

"Yupo, ataenda wapi? Tena huwezi kuamini, hata leo kamfulia! Kampigia na pasi." Bi Rowbotham alivuta kifurushi cha mashati kutoka chini ya meza, kimefungwa kwa karatasi ya kaki. "Kaniomba nimfikishie. Mimi na miguu hii! Na sura yake sitaki kuiona, nitatapika."

"Nipe mimi," alisema Clement, akisimama. "Nitampelekea mwenyewe. Nina maneno ya kumwambia, na leo atayasikia uso kwa uso."

"Mungu akubariki, bwana. Mpashe, usimbakizie." Bi Rowbotham alivaa miwani, akainama kusoma kikaratasi kilichobanwa kwa pini. "Barabara ya Alma, namba kumi na saba. Ukifika bisha kwa nguvu. Mkewe anasema huwa hainui kichwa."