Mijusi wa Memsahib Hannah

Mijusi wa Memsahib Hannah walikuwa wamezaa tena, na safari hii wazazi wenyewe hawakufika hata urefu wa kidole cha shahada.

Aliwaleta kwa meli kutoka Ulaya mwaka 1951: mijusi wa majini, wenye ngozi laini na uso wa karani aliyenyimwa likizo. Ndani ya tangi la kioo, barazani kwake Diani, kila kizazi kilipevuka mapema kuliko kilichotangulia, na kila kizazi kilipungua mwili.

"Ni kule kufungiwa," alimwambia Mwero, mzee wa Galu aliyemuuzia madafu. "Wanazaa kabla hawajakua. Wanadumaa."

Mwero aliwachungulia. "Wanaliwa?"

"Hapana."

"Basi pole, Memsahib."

Nyuma yake binti yake, Kadzo, alikuwa akitua kikapu. Utosi wake haukufika begani kwa Hannah.

"Mwezi ukiandama namwoza huyu," Mwero alisema. "Nawe karibu."

Hannah alimtazama Kadzo, kisha akalitazama tangi. "Lakini huyu bado mdogo."

"Ndivyo alivyo. Hata mama yake alikuwa hivyo hivyo."

Jibu hilo lilimnyima Hannah usingizi. Wiki nzima alimpelekea Kadzo maziwa ya unga, mafuta ya samaki na mwanasesere mwenye nywele za manjano. Kadzo alishukuru kwa adabu. Maziwa alikunywa, mafuta akayatia kwenye taa, mwanasesere akampa mtoto wa pale nyumbani.

Siku ya harusi, Hannah aliingiza gari mpaka katikati ya ua. Alimpita shehe, akasimama mbele ya bwana harusi, Tsuma, ambaye kidevu chake kilikuwa na mvi tele.

"Huoni haya?" alimwuliza. "Mtoto huyu haolewi. Nitamchukua mimi, asome, akue kwanza."

Tsuma alimtazama Mwero. Mwero akautazama mkeka. Kadzo, aliyesikia kelele za gari, alikuwa ametokeza mlangoni na hina yake mikononi.

Kutoka jikoni alitokea mjukuu wa Mwero, jamaa mrefu mwenye ndevu, mwanawe mchanga begani, mwiko wa pilau mkononi. Alimzunguka Hannah kwa heshima, akaenda mpaka mlangoni, akamwinamia bibi harusi.

"Mama," alinong'ona, "nimtoe, au naye tumpakulie?"