Tau Wangu

Mbwa alipokinusa kiatu cha mgeni, mkia wake ukaanza kupiga ukuta wa veranda, pa, pa, pa. Gorata alishangaa. Kwake yeye mkia ule haukuwahi kutikisika hata siku moja.

Alikuwa amemlea tangu baridi ilipoingia, baada ya watu wa kituo cha wanyama kumkuta amefungwa kwa waya kwenye geti lao, mkongwe, macho yametanda ukungu, kisukari kimemkausha. Asubuhi na jioni alimdunga sindano chini ya ngozi ya shingo. Alimwita Mzee. Sasa kituo kilikuwa kimepata mtu wa kumchukua awe wake kabisa, naye ndiye mgeni huyu.

"Tau," mgeni alinong'ona. "Tau wangu."

Mbwa akalia kama mtoto, akajitupa magotini pake.

"Rra, jina hilo umelitoa wapi?" Gorata aliuliza, akimwita bwana kwa Kitswana.

Mgeni akainamisha kichwa. "Nilidhani atakufa, mma. Sikuweza kumtazama."

"Ukamfunga kwa waya, ukaenda zako!"

"Nimerudi."

"Umerudi kwa sababu wenzako wamekuuguzia!" Gorata akaivuta kamba. "Mzee! Njoo kwa mama."

Mbwa aligeuza sikio upande wa sauti yake. Kisha akaurudia mkono ule uliomfunga, akaulamba kidole kwa kidole, taratibu, kama anayekula.

Gorata akamrushia yule bwana kamba.

"Mchukue," alisema. "Ila usithubutu kuniambia asante."