Tonge la Pili

"Achama, Daktari. Leo hutoki hapa na njaa," alisema muuguzi mkuu, akiziba mlango kwa mwili wake mpana.

"Wagonjwa wamejaa nje, mama."

"Watakuwepo. Mganga hajigangi, ndiyo maana mimi nipo."

Wauguzi wengine wakaangua kicheko. Daktari Tsedale naye akacheka. Asubuhi nzima alikuwa akiwagombeza wagonjwa kwamba wale kwa wakati, walale, wasiruke dawa za presha hata siku moja. Zake zilikuwa mfukoni mwa koti, pakiti haijafunguliwa tangu Pasaka.

Kwao, kukataa tonge la mkono wa mtu ni kumtukana. Akaachama. Tonge la injera, mkate wao mwembamba mchachu, lililolowa mchuzi wa pilipili likaingia.

"La pili linakuja. Moja huleta ugomvi," muuguzi akasema, akimega tena.

Tsedale akatafuna. Ajabu, pilipili ilimchoma upande mmoja tu wa mdomo. Akaona matone mekundu kwenye koti lake jeupe, akadhani ni damu ya mgonjwa. Akayagusa, akanusa. Mchuzi.

Kicheko kilikuwa kimekatika. Muuguzi alikuwa ameshika tonge hewani, macho kwenye kidevu cha daktari.

"Mwanangu," akasema polepole, "hebu tabasamu."

Tsedale alilijua ombi hilo. Ndilo yeye huanza nalo kwa kila mgonjwa anayemshuku ana kiharusi.

Akatabasamu, kwa mdomo mzima, alivyodhani.

Tonge la pili likaanguka sakafuni.